Shajara ya mwandiko darasa la kwanza: sentensi moja kwa siku

1 Februari 2025: Tunapoanzia

Nafundisha darasa la kwanza katika shule ya msingi ya serikali wilayani Rungwe, mkoani Mbeya, upande wa juu wa mji wa Tukuyu. Mkondo wangu mwaka huu una watoto zaidi ya 70. Wengi wamepitia darasa la awali. Wachache wametoka nyumbani moja kwa moja na penseli wameishika kwa mara ya kwanza Januari hii. Shajara hii ni ya kazi moja tu: kufundisha mwandiko na mwanzo wa kuandika kwa kunakili sentensi moja fupi kila siku ya shule. Nitaongeza maelezo kila hatua inapokamilika, pamoja na gharama na yaliyogoma, ili mwalimu mwenye darasa kama langu ajue pa kukanyaga.

Kuandika ni moja ya zile K tatu (kusoma, kuandika na kuhesabu) zilizofanywa msingi wa darasa la kwanza na la pili tangu mwaka 2015. Kwenye darasa kubwa, hata hivyo, ndiyo K inayogeuka kuwa kazi ya kuwatuliza watoto wakati mwalimu anasahihisha hesabu. Unaandika a juu ya ukurasa, unamwambia mtoto ajaze mpaka chini.

Chukua daftari lolote lililojazwa namna hiyo ulitazame taratibu. A ya kwanza ni nzuri, maana mtoto ameitazama ya mwalimu. Ya pili ameitazama ya kwanza yake. Kufika katikati ya ukurasa hana habari tena na ya mwalimu, ananakili alichoandika mwenyewe mstari wa juu, na kosa dogo la mwanzo linazidi kukua. Chini kabisa a imefunguka mdomo imekuwa u. Mkono umechoka na kosa limefanyiwa mazoezi kuliko herufi yenyewe.

Sentensi haimruhusu kwenda hivyo. Kila herufi inayofuata ni nyingine, kwa hiyo lazima macho yarudi kwenye mfano. Tena sentensi ina herufi kubwa mwanzoni, ina nafasi kati ya maneno, ina nukta mwishoni. Ukurasa wa a hauna hata kimoja kati ya hivyo.

Mpango wenyewe: dakika 15, sentensi moja ya maneno mawili hadi manne, inaandikwa mara tatu basi. Maneno yawe ya huku kwetu: ndizi, chai, mvua, ng'ombe, maziwa. Kabla ya sentensi tunapitia maumbo ya herufi kwanza, juu ya vibao.

22 Februari 2025: Vibao, na herufi zipi zitangulie

Vibao nilivitaka kwa sababu mbili. Mtoto akikosea anafuta kwa kitambaa bila kutoboa karatasi, na kipande kifupi cha chaki hakishikiki kwa ngumi. Kinamlazimisha atumie kidole gumba, cha shahada na cha kati, ndivyo atakavyoshika penseli baadaye.

Hadibodi ya futi 4 kwa 8 inatoa vibao 48 vya sentimita 20 kwa 30. Tulinunua mbili kwa Sh 32,000. Rangi nyeusi ya ubao lita mbili, Sh 24,000. Msasa Sh 2,000. Fundi seremala wa kukata na kulainisha kingo, Sh 10,000. Jumla Sh 68,000, zilizotoka kwenye mchango ambao wazazi waliukubali katika mkutano.

Mistari ndiyo iliyosumbua. Tuliikwaruza kwa ncha ya msumari kabla ya kupaka rangi, tukidhani mifereji itabaki. Mkono wa pili wa rangi ukaijaza yote. Dawa yake: paka rangi, acha ikauke kabisa, ndipo ukwaruze kwa rula na msumari, ukiacha weupe wa mbao uonekane kidogo. Mistari minne inatosha kwa safu moja: wa juu kwa vichwa vya l na k, miwili ya kati kwa tumbo la herufi, wa chini kwa mikia ya g na j. Safu tatu kwa kila kibao.

Kuhusu mpangilio wa herufi, nilizigawa kwa namna mkono unavyokwenda. Zinazoanza kama c: a, o, d, g. Za kushuka moja kwa moja: i, u, l, t, j. Zinazoshuka kisha zinapanda na kuinama: n, m, h, r, b, p. Za pembe: k, v, w, y, z. Mwisho e, s na f. Familia ya a inatangulia kwa sababu a ndiyo inayojitokeza kuliko herufi nyingine zote katika Kiswahili. Hesabu kwenye ukurasa wowote wa kitabu utaona. Mtoto akiitengeneza a vizuri, ukurasa wake mzima unapendeza.

Lakini kuna jambo la kurekebisha kwa atakayefuata njia hii. Ukimaliza familia mbili za kwanza bado huwezi kuunda sentensi nyingi za maana, maana vitenzi vyetu vinabeba -na-, nomino zinaanza na m-, na k iko kila mahali. Tulijikuta na "Dada alilala" kwa muda mrefu kuliko inavyofaa. Zipandishe n, m na k ziwe za wiki ya pili, hata kama si za familia ile.

15 Machi 2025: Kadi za kwanza hazikufaa

Ubaoni sentensi iko mbali. Mtoto wa dawati la nyuma anainua kichwa, anatafuta alipoishia, anainama, akiinua tena amepotea. Kwa hiyo kila dawati lipate kadi yake, iliyoandikwa sentensi ya siku. Stationeri moja ya mjini ilituchapia kadi 30 kwenye karatasi ngumu, Sh 500 kila moja: Sh 15,000.

Siku ya kwanza ya kuzitumia niliona jambo la ajabu kwenye madaftari. Watoto waliokuwa na a nzuri ya mviringo wameanza kuchora kitu chenye kofia inayoinamia kushoto na tumbo dogo chini. Wengine wamekitengeneza kwa vipande vitatu. Ile fonti ya kompyuta ilikuwa na a ya kitabuni, yenye kofia, pamoja na g yenye vitanzi viwili. Mtoto wa miaka saba hajui kwamba a mbili zisizofanana ni herufi moja. Amepewa mfano, ameunakili kwa uaminifu wote.

Kadi zile tuliziondoa darasani zote. Nikanunua manila kumi (Sh 7,000), maka peni mbili (Sh 3,000) na selotepu pana mbili (Sh 5,000) za kufunika kadi zisiloe, nikaandika kwa mkono. Anayetaka kuchapa na achape, ila achague fonti yenye a ya mviringo. Ipo ya bure inayoitwa Andika, iliyotengenezwa na SIL International mahsusi kwa wanaoanza kusoma na kuandika. A yake na g yake ni kama za mkono.

Jingine dogo, ila lilinifundisha. Dawati letu ni la watoto watatu na kadi iko katikati. Mtoto wa mwisho kulia aliandika "ndizi anapika Mama", herufi zote safi. Kwa alipokaa, mwisho wa sentensi ndio ulio karibu yake, akaanzia pale. Sasa kila kadi ina alama ya kijani mwanzoni, na kabla ya kuandika watatu wote wanaweka kidole kwenye kijani.

12 Aprili 2025: Anaandika asichokisoma

Hii ndiyo sehemu ninayoomba isomwe kuliko nyingine zote.

Mwishoni mwa Machi madaftari yalikuwa yanafurahisha. Nilikuwa napita kati ya madawati, nikasimama kwa mtoto mmoja wa kiume mwenye hati nzuri kuliko wote. Amemaliza "Mama anachota maji." Herufi zimekaa juu ya mstari, M imesimama, nukta ipo. Nikaweka kidole kwenye neno la mwisho nikamwambia anisomee hapo. Akasema, "Mama." Nikahamisha kidole kwenye "anachota". Akanitazama usoni kwanza, kisha akasema tena, "Mama," safari hii kwa sauti ya chini. Sentensi nzima alikuwa anaijua kwa kichwa, kwa sababu tunaisema pamoja. Lipi liko wapi hakujua. Alikuwa ameichora.

Nikaanza kuwauliza wengine mmoja mmoja kwa siku kadhaa. Hali ilikuwa hiyo hiyo kwa wengi, na mwandiko mzuri haukuwa dalili ya kitu. Ukikaa pembeni ukayafuata macho ya mtoto unaelewa inavyotokea: anaangalia kadi, anaandika a, anaangalia kadi, anaandika n, anaangalia tena, anaandika a. Kila herufi safari yake. Neno halipiti mdomoni wala halikai kichwani hata kwa nukta moja ya muda. Mtoto anaweza kunakili hivyo mwaka mzima, daftari likajaa, na Novemba akawa hajui kuandika jina la kitu anachokiona mbele yake.

Tukabadili utaratibu. Sasa hatua ni hizi, na watoto wanazitamka wenyewe: tazama, sema, funika, andika, funua. Kadi inageuzwa uso chini kabla penseli haijagusa karatasi.

Mara ya kwanza tulifunika sentensi nzima. Ilikuwa vurugu. Walio wepesi waliandika neno la kwanza wakakwama, walio wazito walikaa na penseli hewani, na chini ya madawati kadi zilikuwa zinachunguliwa kwa ufundi mkubwa. Maneno matatu ni mzigo mzito kwa mtoto ambaye bado anafikiria mkia wa j unapinda wapi. Tukapunguza: neno moja moja. Tazama "Mama", sema, funika, andika, funua ulinganishe. Ndipo uende neno la pili.

"Mama" halikuwa na shida. "Anachota" lilikuwa na shida, kwa sababu maneno yetu ni marefu. Kitenzi kimoja kimebeba mtendaji, wakati na tendo. Kwa hiyo tukayakata kwa silabi: a-na-cho-ta, kofi moja kwa kila silabi, kisha andika silabi kwa silabi huku midomo inatembea. Hapo mambo yalifunguka. Silabi ndiyo kipimo kinachokaa kinywani mwa mtoto wa Kiswahili. Ba be bi bo bu ameshaziimba tangu awali. Anaibeba silabi nzima, macho yanarudi kwenye kadi mara chache, na ukimwonyesha neno anajua analolisoma.

Kasi ilishuka. Sentensi iliyokuwa inaandikwa mara tatu sasa inaandikwa mara moja, mara mbili kwa wepesi. Nimeiacha ishuke.

24 Mei 2025: Silabi zimeacha mashimo

Dawa ya Aprili ilileta ugonjwa wake. Madaftari ya Mei:

M to to a na ku la ndi zi.

Kila silabi imepumua peke yake, kwa sababu mkono unafuata makofi. Baadhi wameunganisha nusu: "Mtoto ana kula ndizi." Huu wa mwisho usidharauliwe. Angalia mabango ya maduka na ujumbe wa simu wa watu wazima: "ana kuja", "nime fika", "ili pendeza". Kosa hilo linazaliwa hapa, kwenye darasa la kwanza, na baada ya hapa hakuna anayelishughulikia.

Kuwaambia "acha nafasi kati ya maneno" hakukusaidia. Mtoto hajui neno linaishia wapi. Anachojua ni silabi, na silabi zote kwake zina hadhi moja. Tulijaribu njia ya kidole: ukimaliza neno, weka kidole cha mkono wa pili, andika upande wa pili wa kidole. Waliweka kidole baada ya kila silabi.

Kilichofaa ni upinde. Kwenye kadi nachora mstari uliopinda chini ya kila neno zima, kutoka herufi yake ya kwanza hadi ya mwisho. Watoto wanapita kidole juu ya upinde wakitamka neno lote bila kukata pumzi: anakula. Makofi ya silabi yanabaki, lakini yanapigwa ndani ya upinde, na kidole cha nafasi kinawekwa upinde unapoisha tu. Baada ya hapo wanachora pinde wenyewe chini ya walichoandika. Anayekuta upinde wake umevuka shimo anaona mwenyewe kwamba neno limekatika. Polepole nimeanza kuziondoa pinde kwenye kadi, nikiziacha chini ya vitenzi tu.

Herufi m inayosimama peke yake kama silabi inahitaji uangalizi wake: mtoto, mvua, mti, mgomba. Wengi waliandika "mutoto", na sababu iko nyumbani. Kwa Kinyakyusa, lugha ya huku kwetu, mtu ni umundu. U ile ipo masikioni mwao tangu kuzaliwa. Sikuwakemea. Tuliifunga midomo tukaivuta mmm kabla ya kupiga kofi la pili, na kwa wiki nzima kila sentensi ilianza na neno la namna hiyo.

Kisha kuna b na d. Kadi inasema "Baba analima." Daftari linasema "Dada analima." Mwalimu anayesahihisha haraka ataweka tiki, maana sentensi iko sawa na ina maana. Ilinibidi nianze kulinganisha daftari na kadi herufi kwa herufi ndipo nijue watoto wangapi wanayageuza matumbo. Kuwaambia "tumbo la b liko kulia" ni kazi bure kwa mtoto ambaye kulia kwake bado kunahama. Kinachofanya kazi ni kuzitenganisha kwa mwendo wa mkono. D ni a iliyorefushwa mgongo: mtoto aanze kutengeneza a, na badala ya kushuka apande hadi mstari wa juu ndipo ashuke. B inaanza na kijiti, juu mpaka chini, kisha inapanda na kuvimba. Anayeanza d kwa kijiti mrudishe hapo hapo hata kama umbo limetoka sawa, kwa sababu mwendo ndio utakaomkumbusha. Na ushauri wangu wa dhati: zipitishe wiki kadhaa kati ya d na b. Kwetu zilikuwa karibu mno.

19 Julai 2025: Baridi na mkono wa kushoto

Tumerudi kutoka likizo, na huku juu Julai ni baridi ya kuuma. Kipindi cha kuandika kilikuwa cha kwanza, saa mbili asubuhi. Vidole vimekufa ganzi, penseli inashikwa kwa ngumi tena, mistari inatetemeka. Ukimlinganisha mtoto wa leo na wa Mei utadhani amesahau, kumbe ni vidole. Nimekubaliana na mwalimu wa hisabati tubadilishane: kuandika sasa ni baada ya mapumziko ya saa nne, jua likiwa limepanda. Kabla ya kuanza tunasugua viganja na kugusisha kila kidole na gumba. Haikugharimu kitu.

Gharama iliyotokea ni ya vibao. Unyevu wa masika uliingia kupitia mgongo usiopakwa rangi, kingo zikavimba na vingine vikapinda. Rangi ya mafuta lita moja, Sh 11,000, mgongo na kingo zote. Anayeanza apake pande zote mbili siku ile ile ya kwanza. Rungwe mvua haikusubiri.

Watoto wa mkono wa kushoto ninao wachache. Mmoja wao bibi yake alikuja darasani, tukasalimiana, akaniambia, "Mwalimu, mjukuu wangu msaidie, huko nyumbani tunamfunga kitambaa mkono huo na bado anautumia." Nilimwomba kwa heshima wakiache hicho kitambaa. Tuliongea kwa muda mrefu. Yeye mwenyewe alilelewa hivyo na hakuwa na nia mbaya. Nilimwonyesha daftari la mtoto, nikamweleza kwamba shida ya mjukuu wake ilikuwa mahali pa kukaa. Alikuwa katikati ya dawati, kiwiko chake kinagongana na cha jirani kila mstari. Sasa wote wa kushoto wanakaa mwisho wa dawati upande wa kushoto. Daftari linalazwa kuelekea kulia, na kadi iko juu ya daftari, kamwe isiwe kushoto, maana mkono wao wenyewe utaufunika mfano. Kidole cha nafasi nacho kinawasumbua kwa sababu mikono inavukana, hivyo wanatumia kijiti cha mwanzi chenye upana wa kidole. Bibi aliondoka akiniambia "ndaga fijo", yaani asante sana, na mtoto sasa anaandika bila kujificha.

16 Agosti 2025: Ufutio, penseli, na wazazi

Ufutio nimeuondoa kwenye madawati. Kuna watoto waliokuwa wanafuta kila herufi mpaka karatasi inatoboka, na mwisho wa kipindi wana neno moja na tundu. Sasa kosa linapigwa mstari mmoja na neno linaandikwa upya pembeni. Mimi napata faida pia: naona alichokosea, jambo ambalo ufutio ulikuwa unalificha.

Penseli dazani sita, Sh 9,000, kwa wasio nazo. Vichongeo sita, Sh 1,800, kimoja kwa kila safu, ili wembe usionekane darasani. Wazazi wengi hukata penseli moja vipande viwili wakawagawia ndugu. Haina neno. Penseli fupi mkono mdogo unaimudu vizuri kuliko ndefu.

Lililokuwa gumu ni mazungumzo na wazazi. Mtoto anarudi nyumbani na sentensi moja, mara nyingine ina mistari ya kukata, wakati wa jirani wa mkondo mwingine ana ukurasa umejaa. "Mwalimu, mbona wetu hawaandikishwi?" Ni swali la haki, mzazi ndiye anayenunua daftari na kurasa zilizojaa ndicho kipimo anachokiona. Nilichofanya ni kuwaita kwa vikundi baada ya masomo, nikamwita mtoto wa mmoja wao, nikamtajia neno ambalo halijawahi kuwa kwenye kadi, "kikapu". Akalipiga makofi, akaliandika kibaoni. Mama yake alisimama akaja kusoma kwa karibu.

20 Septemba 2025: Kutoka kunakili hadi kuandika lake

Niliwaambia, leo andikeni sentensi yenu wenyewe. Karibu wote waliandika "Mama anapika ndizi." Herufi nzuri, nafasi nzuri, nukta ipo, na wazo ni la kadi ya Machi. Mtoto aliyezoea kupewa hawezi kurukia peke yake upande wa pili, panahitajika daraja.

Daraja letu limekuwa kubadili neno moja. Kadi inasema "Bibi anachuma chai." Tunasoma, tunanakili. Kisha: nani mwingine anachuma? Babu anachuma chai. Siku inayofuata linabadilika la mwisho: Bibi anachuma nini tena? Parachichi. Siku ya tatu linabadilika la katikati. Kabla ya kuandika, mtoto anamwambia jirani yake sentensi yake yote kwa mdomo, na jirani akiielewa ndipo kadi inageuzwa. Kipengele hiki cha kumwambia jirani usikiruke. Tulipokiacha kwa haraka ya muda, nusu yao walirudi kwenye ndizi za mama.

Mwezi huu zimeanza kutoka sentensi ambazo sikuzipanda. Nazinukuu zilivyo:

Ngombe wetu amezaa.
Bibi anapika malage.
Mimi nataka kurara na bibi.

Ukiwa na kalamu nyekundu utaona makosa. Mimi naona watoto wanaosema jambo lao, na makosa yananiambia kadi za wiki ijayo ziwe zipi. Hapa ndipo kunakili kumepata kazi ambayo sikuwa nayo akilini Januari. Kinyakyusa hakina r, kwa hiyo l na r zinabadilishana viti masikioni mwao, na kuwasemea "siyo kurara, ni kulala" hakubaki. Kinachobaki ni jicho na mkono. Jumatatu mtoto kaandika "kurara", Jumatano kadi ya darasa zima ni "Paka analala juani." Tunaitazama l, tunaisema, tunafunika, tunaandika. Alhamisi "Maharage yameiva." "Ng'ombe" nayo ilipewa siku zake, na kile kialama cha juu tunakiandika kabla ya o, ndipo isome ng' ya ng'ombe na isiwe ng ya ngoma.

11 Oktoba 2025: Hesabu, na kinachobaki

Gharama zote mpaka leo: vibao Sh 68,000, rangi ya kuvitengeneza Sh 11,000, kadi za stationeri zisizotumika Sh 15,000, manila na vifaa vyake Sh 15,000, chaki boksi sita Sh 12,000, penseli Sh 9,000, vichongeo Sh 1,800. Jumla Sh 131,800. Anayeanza leo akiruka zile kadi za kuchapa atatumia Sh 116,800, na vibao vyake vitamfaa mwaka unaofuata pia. Madaftari ni ya wazazi, na safari hii hayakuisha haraka.

Wengi wa darasa sasa wanaandika sentensi ya maneno matatu au manne iliyo yao na kuisoma wakiombwa. Wapo ambao bado wako kwenye neno moja moja kwa kadi, hasa waliokosa shule wakati wa mvua kubwa. Hao nawakalisha mbele na kadi zao wenyewe, upinde upo, kijani kipo, na imla ya darasa siwapi bado. Wapo wawili ambao mwandiko haujatulia kabisa ingawa wanasoma vizuri. Nimezungumza na wazazi wao kuhusu kupimwa macho.

Mwaka ujao mwalimu wa mkondo wa pili ataanza na sanduku hili la vifaa. Tumekubaliana abadilishe mambo matatu tangu mwanzo: n, m na k ziwe za wiki ya pili, pinde ziwepo kwenye kadi ya kwanza kabisa kabla silabi hazijaacha mashimo, na b isubiri mpaka d izoeleke. Kadi anaziandika kwa mkono mwezi Desemba, shule ikiwa imefungwa, nami nitakuwa naye kuzikagua.